Mtoto wa Pangani na mashine ya kuzoeza ubongo

Watoto 144 wa Marekani, wa miaka 7 hadi 10, wote wakiwa wamepimwa na kukutwa na ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia, walipelekwa na wazazi wao mara 38 kwenye chumba chenye kompyuta. Kila walipofika walibandikwa waya kichwani, wakaketi kutazama mchezo kwenye skrini. Mchezo wenyewe hauna vitufe wala usukani. Unaendeshwa na mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye ubongo wa mtoto: akizingatia, unasonga na kumpa pointi, mawazo yakitangatanga, unapooza. Wenye fani wanaita zoezi hilo nyurofidibaki. Lakini watoto 60 kati ya hao walikuwa wakicheza mchezo ulioendeshwa na mawimbi ya watoto wengine, yaliyorekodiwa kabla. Wao hawakujua, wazazi wao hawakujua, na hata aliyewabandika waya hakujua nani yuko kundi gani.

Majibu yalichapishwa mwaka 2021. Watoto wa mashine ya kweli walikuwa wametulia kwa kiasi kikubwa, wazazi na walimu wakashuhudia. Watoto wa mashine ya bandia nao walikuwa wametulia kwa kiasi kikubwa, sawa na wenzao. Timu ya utafiti, ambayo Profesa Eugene Arnold wa Ohio State alikuwa mmoja wa viongozi wake, iliandika wazi kwamba mazoezi yalipokwisha hapakuonekana tofauti kati ya makundi hayo mawili.

Nataka wazazi na walimu wa Pangani wayajue majibu haya. Nasema Pangani ya Kibaha, kata yetu hii, maana wengi wakisikia jina hilo hufikiria ile ya Tanga yenye mto na magofu. Jirani yangu mmoja ana mtoto wa darasa la tatu ambaye kazi zake zote huishia nusu. Nimeliona daftari lake la Kiswahili: mistari mitatu ya kwanza ina mwandiko mzuri kuliko wa dada zake, wa nne umepanda juu ya mstari, wa tano haupo. Chini yake mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "Hamalizi kazi." Ndugu wa mama huyu anayeishi Muscat alimtumia video ya kliniki moja ya huko, mtoto amevaa kofia ya waya na sauti inaahidi kwamba ubongo wake utapangwa upya bila dawa. Mama akaja na simu mkononi. "Kaka, hiki kitu kinafanya kazi kweli? Maana nikikopa, nikope kwa jambo la maana."

Swali lake ni zuri kuliko mengi yanayoulizwa na wataalamu, na linastahili jibu refu.

Ubongo hutoa umeme. Daktari Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliunasa kwa mara ya kwanza kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924, akakaa na habari hiyo miaka mitano kabla ya kuichapisha 1929. Ni umeme mdogo mno: betri ndogo ya rimoti ina volti moja na nusu, ilhali mawimbi ya ubongo yanayopimwa juu ya ngozi ya kichwa huhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti. Mawimbi hayo yana mwendo tofauti kulingana na hali ya mtu. Aliyelala usingizi mzito hutoa mawimbi ya polepole, chini ya manne kwa sekunde. Aliyefumba macho ametulia hutoa ya alfa, kati ya manane na kumi na mawili. Anayesinzia huongeza yale ya theta, manne hadi manane, na aliye macho akifanya hesabu hutoa ya kasi zaidi. Kipimo hicho kinaitwa EEG, na hospitali hukitumia hasa kuchunguza kifafa.

Wazo la kumfundisha mtu kuyatawala mawimbi yake lilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia Joe Kamiya, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, aliwakalisha watu gizani akawa anawauliza kila kengele ilipolia kama wakati huo wako kwenye alfa au la, kisha anawaambia kama wamepatia. Baada ya muda watu walianza kupatia sana, ingawa hawakuweza kueleza wanajuaje. Halafu akagundua kwamba wanaweza hata kuyaita mawimbi hayo wakitaka.

Lakini sehemu ya historia hii inayonigusa zaidi ni ya paka. Katika miaka ya 1960, mtafiti Barry Sterman huko California aliwafundisha paka kutoa mawimbi ya aina fulani, kumi na mawili hadi kumi na matano kwa sekunde, ambayo paka hutoa akiwa macho lakini ametulia kabisa bila kutikisa kiungo. Kila yalipojitokeza, paka alipewa maziwa. Muda si mrefu baadaye aliombwa kuchunguza madhara ya kemikali ya mafuta ya roketi ambayo husababisha degedege. Akawachoma sindano ya kemikali hiyo paka wengi, wakiwemo wale waliopitia mafunzo. Wale waliofundishwa walichelewa kupata degedege kuliko wenzao, na wengine hawakupata kabisa. Paka hatarajii kupona. Hajui kwamba yuko kwenye utafiti, na hamwamini daktari. Ndiyo maana tukio hilo limebaki kuwa nguzo ya watetezi wa nyurofidibaki hadi leo, na nadhani wana haki ya kulishikilia.

Mwaka 1972 Sterman na mwenzake walichapisha habari za mwanamke kijana mwenye kifafa ambaye degedege zake zilipungua baada ya mafunzo kama yale ya paka. Tafiti ndogondogo zikafuata. Mwaka 2009 watafiti walizikusanya zilizokuwa na vigezo vya kuaminika wakapata kumi tu, zenye wagonjwa 87 kwa jumla, karibu wote wakiwa watu ambao dawa zilikuwa zimewashindwa. Kati yao 64 walipata degedege chache zaidi kwa wiki. Ni habari njema iliyosimama juu ya watu wachache, na miaka mingi imepita bila utafiti mkubwa wa kuithibitisha au kuikanusha. Kwangu mimi hilo ni deni ambalo sayansi haijalilipa, na wadai wake wakubwa wako katika nchi kama yetu.

Fedha na matangazo vilielekea upande mwingine. Mwaka 1976 Joel Lubar wa Chuo Kikuu cha Tennessee alianza kuandika kuhusu watoto wasiotulia, na kuanzia hapo ADHD ikawa ndiyo biashara kuu ya fani hii. Mzazi wa Ulaya au Marekani anayeogopa dawa alikuwa tayari kulipia. Kwa miaka mingi tafiti zilizotoka zilisifu, mpaka watu walipoanza kuweka kundi la mashine ya bandia. Mwaka 2017 mtafiti Schönenberg na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, waligawa watu wazima 118 wenye ADHD katika makundi matatu: nyurofidibaki ya kweli, ya bandia, na mazungumzo ya tiba katika kikundi. Wote walipata nafuu sawa. Kisha ukaja ule wa watoto 144. Mwishoni mwa 2024 jarida la JAMA Psychiatry likatoa uchambuzi wa tafiti 38 zenye watu zaidi ya 2,400, na hitimisho lake ni kwamba, pale aliyetathmini hajui nani kapata nini, nafuu ya maana inayotokana na nyurofidibaki haionekani kwa wenye ADHD kwa ujumla. Uadilifu unanitaka niongeze kwamba katika ule utafiti wa Marekani, watoto walipofuatiliwa kwa miezi 13, wale wa mashine ya kweli walikuwa wakihitaji dawa kidogo kuliko wenzao. Huenda kuna jambo pale. Lakini silo jambo linalouzwa kwenye video ya Muscat.

Wapo wanaosoma haya wakasema nyurofidibaki ni utapeli, wakafunga kitabu. Mimi nasimama mahali tofauti, na ndilo hasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Watoto wa kundi la bandia waliimarika kweli. Mwalimu aliona, mama aliona. Mashine haikuwafanyia chochote, kwa hiyo kuna kitu kingine kilichowafanyia. Tukitazama walichopewa tunakikuta mbele ya macho. Mara 38 mtoto aliletwa na mtu mzima aliyeacha shughuli zake kwa ajili yake. Mara 38 alikaa na mtu mwingine mzima aliyemtazama yeye peke yake, akamsifu kwa kutulia, bila kumgombeza alipokosea. Familia za makundi yote mawili zilipewa ushauri wa usingizi na lishe. Kila mtu nyumbani alikuwa anatarajia kuona mabadiliko mazuri, na mtoto alijua kwamba yanatarajiwa. Hapo mtoto kapewa muda, sifa, usingizi, chakula na matumaini kwa miezi mfululizo. Sidhani kama kuna mtoto wa darasa la tatu Pangani aliyewahi kupewa vyote hivyo kwa mpigo kwa sababu eti hamalizi kazi. Anachopewa ni wino mwekundu, na mara nyingine fimbo.

Sasa mfikirieni mtoto huyohuyo akipelekwa kwenye mashine yenyewe. Bodaboda hadi Mailimoja, daladala hadi Mbezi kwenye kituo cha Magufuli, kisha gari jingine mjini. Kwenda na kurudi siku imekwisha. Mara 38 ni siku 38, na mwaka wa masomo wa shule za msingi una siku 194. Ni karibu sehemu moja ya tano ya mwaka mtoto hayupo darasani, anatafutiwa tiba ya kushindwa kufuatilia masomo. Nauli ya watu wawili, mama kufunga genge lake, na deni juu yake. Hata kama mashine ingekuwa na nguvu kidogo, hesabu hii ingeimeza.

Kuna jambo kubwa zaidi ya gharama. Mtoto asiyezingatia huku kwetu anaweza kuwa na sababu ambazo mtoto wa Ohio hana. Mwaka 2008 watafiti waliowafuatilia watoto walionusurika malaria ya ubongo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, waliripoti kwamba miaka miwili baada ya kupona, mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa akili unaopimika, na umakini ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Wenzao wa mitaa ileile ambao hawakuugua walikuwa na upungufu huo chini ya mmoja kati ya kumi. Mama anakumbuka ile homa, anakumbuka degedege, anakumbuka mtoto alivyofumbua macho siku ya tatu akaomba uji. Anashukuru Mungu kwamba kapona. Miaka minne baadaye mwalimu anaandika "Hamalizi kazi," na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Waganda Paul Bangirana na wenzake, pamoja na Mmarekani Michael Boivin, hawakuishia kuhesabu madhara. Waliwapa watoto hao mazoezi ya kompyuta ya kumbukumbu na umakini, bila waya kichwani, kwa wiki kadhaa. Watoto waliimarika katika baadhi ya vipimo, vingine vikabaki palepale. Naitaja kazi hiyo kwa heshima kwa sababu ilianza na ugonjwa wa hapa, mtoto wa hapa, na swali ambalo mzazi wa hapa analo.

Ukilifuata swali hilo kwa dhati, utajikuta unaongea habari za mbu. Pale TAMCO, Kibaha hiihii, kuna kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba kinachotengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi. Rais Magufuli alipokitembelea mwaka 2017 aliagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Tumezoea kukihesabu kiwanda kile kama habari ya viwanda vya Pwani. Mimi nakihesabu kama kituo cha kulinda akili za watoto, kwa sababu kila dimbwi la Pangani linalonyunyiziwa dawa hiyo wakati wa mvua za masika ni kichwa cha mtoto kinachookolewa kabla hakijaharibika. Hakuna kofia ya waya itakayorudisha kile ambacho malaria kali imechukua. Diwani anayetaka kujua atafanya nini kuhusu watoto wasiosoma vizuri aanze kwa kuuliza halmashauri imenunua lita ngapi mwaka huu.

Halafu kuna kifafa, na hapa ndipo mashine ya EEG inapopata kazi yake halisi. Aina moja ya kifafa cha watoto haina kuanguka wala povu. Mtoto anakatika ghafla katikati ya sentensi, macho yanaganda, kope zinachezacheza, sekunde kumi hivi, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza kumjia mara kadhaa kwa saa. Mwalimu anaona mtoto mwenye mawazo ya mbali, mzazi anaona mtoto mzembe, na yeye mwenyewe hajui kwamba amekosa nusu ya maelezo. Daktari anayejua kazi yake humpa mtoto kipande cha karatasi akamwambia akipulize bila kupumzika kwa dakika tatu. Kama ni ugonjwa huo, mara nyingi kabla dakika hizo hazijaisha mtoto ataacha kupuliza, karatasi itatulia mkononi, naye atakuwa anatazama bila kuona. Kwenye EEG itatokea michoro yenye ncha, mitatu kwa kila sekunde, ambayo hata mwanafunzi wa udaktari hawezi kuikosea. Ugonjwa huo una dawa zake, baadhi tofauti na zile za kifafa cha kuanguka, na watoto wengi hutulia kabisa wakizipata. Fikirieni mtoto wa namna hiyo akipelekwa akafanyiwe nyurofidibaki ya ADHD kwa miezi mitano bila mtu kuusoma mchoro wake.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila degedege kama wangepimwa na kutibiwa vizuri. Katika nchi maskini robo tatu yao hawapati matibabu wanayohitaji. Dawa ya mwaka mzima, shirika hilohilo linakadiria, inaweza kugharimu dola tano tu. Tanzania ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Karibu mwaka 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa Mahenge, akawakuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, wengi wakiwa na makovu ya kuangukia motoni kwa sababu watu waliogopa kuwagusa wakati wa degedege. Aliwapa fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, na akakaa nao. Watu walioonekana kuwa wamelaaniwa wakarudi kulima. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado huku Pwani wako wanaoanzia kwa mganga. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo waliripoti mwaka 1996 jinsi mtoto mwenye degedege anavyopelekwa kwanza kwenye tiba za asili, na hospitali ikafuata hali ikiwa imeshakuwa mbaya. Siwalaumu wazazi hao. Wanaenda palipo karibu na wanaposikilizwa.

Nilimwambia jirani yangu asikope. Nilimwambia aende Hospitali ya Tumbi na daftari lile, na orodha ya homa zote kubwa alizowahi kuugua mtoto, na simu yenye video ya mtoto akiwa amezubaa kama atafanikiwa kuirekodi. Mtoto apimwe macho na masikio kwanza. Ikionekana haja ya EEG, aandikiwe rufaa. Na kama mwisho wa yote ni ADHD kweli, basi tuzungumze na mwalimu kuhusu kukaa dawati la mbele, kazi kugawanywa vipandevipande, na dakika ishirini kila jioni za mtu mzima mmoja nyumbani, bila simu, bila kelele. Dawa inayotumika zaidi duniani kwa ADHD ni ngumu kuipata hapa, na Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021. Kwa hiyo dakika zile ishirini zina uzito mkubwa huku kuliko kwingineko.

Lakini nisieleweke kwamba naifungia mlango fani hii. Nchi jirani imeshaionja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster walifanya kazi Rwanda na wajane walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994, wanawake waliobeba kiwewe kwa zaidi ya miaka ishirini, wakiwafundisha kutawala mawimbi yao kwa vifaa vya EEG vya bei nafuu vinavyovaliwa kichwani. Majibu ya mwaka 2021 yalionyesha dalili za kiwewe zikipungua kwa waliofanya mazoezi. Wanawake wenyewe hawakufika hata 30, kwa hiyo tusiyabebeshe majibu hayo mzigo usio wao. Ila yanaonyesha kwamba kazi ya namna hii inawezekana Afrika Mashariki, nje ya maabara za mamilioni. Marekani nako, mwaka 2023, mamlaka ya dawa iliruhusu kifaa kiitwacho Prism kitumike kama nyongeza ya matibabu ya kiwewe. Kwenye kiwewe na kwenye kifafa mjadala bado uko wazi, na ni maeneo ambayo sisi tuna wagonjwa wengi na wataalamu wachache. Wapo majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro wanaopokelewa Tumbi kila mwaka, wengine wakirudi nyumbani wazima wa mwili lakini wasiopata usingizi. Wao ni wa kuulizwa pia.

Sharti ni kwamba tafiti zetu zisinunue vifaa na kudhani vinatutambua. Kofia nyingi za EEG zilitengenezwa kwa nywele laini zilizolala. Kwenye nywele zetu zilizojikunja waya haugusi ngozi, na usipogusa ngozi unasoma takataka. Mwanamke aliyesuka anaambiwa afumue, kazi ya saa nyingi na fedha, kwa hiyo haji; na wasipokuja, utafiti unabaki wa watu wengine. Arnelle Etienne, alipokuwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon huko Marekani, alibuni na wenzake vibanio vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa na kuibana elektrodi, yaani ile ncha ya waya, kwenye ngozi. Ubunifu huo ungeweza kabisa kutoka saluni ya Mailimoja, kwa kuwa wasusi wetu wanaijua ngozi ya kichwa kuliko mhandisi yeyote. Vifaa hafifu vya kuvaa kwenye paji la uso, vile vinavyouzwa mtandaoni, vina tatizo jingine: mtoto akikunja uso au kuuma meno, msuli hutoa umeme mwingi kuliko ubongo, na kifaa kikampa pointi kwa kukunja uso. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina wajibu wa kuwauliza waingizaji wa vifaa hivyo vinapima nini hasa.

Ningependa utafiti wetu ufanyike Kibaha. Mahali pake papo tangu 1963, nchi nne za Nordiki ziliposhirikiana na Tanganyika kuanzisha kile ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha: shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima katika eneo moja, kwa imani kwamba ujinga, maradhi na umaskini hupigwa kwa pamoja. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Watanzania, na kile kituo cha afya ndicho kilichokua kikawa Hospitali ya Tumbi. Daktari na mwalimu wanaweza kukutana kwa miguu. Watoto wachaguliwe kutoka shule za msingi za kata zetu, Pangani ikiwemo, baada ya kuchujwa kwa kifafa, masikio, macho na historia ya malaria kali. Kundi la kwanza lifanye nyurofidibaki ya kweli, shuleni, ili mtoto asipoteze siku za masomo. Kundi la pili lifanye ya bandia. Kundi la tatu, ambalo ule utafiti wa watoto 144 haukuwa nalo, lisiwe na mashine kabisa: saa moja, mara zilezile kwa wiki kama makundi mengine, mtoto na mtu mzima mmoja aliyefunzwa, kusoma hadithi, kuchora, kumalizia kazi ya darasani, na ushauri uleule wa usingizi na chakula kwa familia. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ipitie maadili yake. Walimu wanaojaza fomu za tathmini wasijue mtoto yuko kundi gani, jambo litakalokuwa gumu kwa kundi la tatu lakini linawezekana tathmini ikifanywa na walimu wa shule nyingine.

Kundi hilo la tatu likifanya sawa na mengine mawili, halmashauri itakuwa na tiba ambayo inaweza kuilipia kwa posho ya wastaafu wa ualimu, ambao kata hii inao na wanakaa barazani mchana kutwa. Mashine ikishinda, tutajua ni kwa kiasi gani na kwa watoto wa aina gani, na tutakuwa na hoja ya kuidai bima iigharamie. Majibu yakitoka, yasomwe kwanza kwenye mkutano wa wazazi, kwa Kiswahili, pamoja na idadi ya watoto walioacha katikati na sababu zao za kuacha, kisha ndipo yaende kwenye jarida.